Diski Nyuma, Jiwe Mbele

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Kupanda si shida. Gari likichoka linasimama lenyewe. Kazi ni kushuka, umebeba kabichi na karoti za watu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili migomba ambayo ukiitazama unaona vichwa vyake, si mashina. Ndiyo maana huku kwetu habari ya breki haina msimu. Utaisikia msibani, utaisikia harusini, na mtu akitaka kujua hali ya gari lako haulizi injini wala matairi. Anauliza neno moja tu: "Linashika?"

Langu lilikuwa linashika kwa kubembelezwa. Ni pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1993, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo. Ikiwaka alfajiri, bonde zima linajua Mwalimu anakwenda Soni. Niliinunua baada ya kustaafu ualimu, kwa mfanyabiashara mmoja wa kabichi, na siku ya makabidhiano alinipa kadi ya gari, ufunguo, jeki na jiwe. Jiwe jeusi, zito, upande mmoja limelika likafuata mviringo wa tairi. "Hili ni la gari," alisema bila kutabasamu. Sikumuuliza zaidi. Nani huku milimani hana jiwe nyuma ya pikapu yake? Ukiegesha unalishusha, unaliweka mbele ya tairi au nyuma yake kufuatana na mteremko, unaingia dukani na amani zako.

Shida ilikuwa pedali. Ukiikanyaga mara ya kwanza inazama mpaka chini kabisa. Ukirudia inapanda kidogo. Ukirudia tena, gari linasimama na abiria wanashusha pumzi. Mimi nilikwisha kuzoea. Nilikuwa naanza kupampu tangu ng'ombe akiwa bado anafikiria kuvuka. Lakini mke wangu hakuzoea. Alianza kupanda bodaboda kwenda sokoni, na mimi nikimfuata na pikapu tupu kwenda kumbebea alichonunua. Majirani waliuliza kama tumegombana.

Penye gari bovu hapakosi bunge. Mwenyekiti wa bunge letu alikuwa shemeji yangu wa Dar es Salaam, aliyekuja Desemba na gari lenye diski kwenye matairi yote manne. Aliingia kwenye pikapu yangu, akakanyaga pedali, akatoka na kufuta viganja vyake ingawa hakuwa ameshika kitu. "Shemeji," akasema, "dunia imeshahama kwenye dramu. Nyuma hapa weka diski." Jirani mwenye shamba la viazi akaunga mkono: dramu zinajaa tope. Kijana wa bodaboda, ambaye pikipiki yake mwenyewe nyuma ina dramu, naye akasema diski. Hakuna aliyepinga. Alibaki mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya mbao, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mparachichi na kikombe chake cha chai. Huyo hakupinga wala hakuunga mkono. Alikuwa anakunywa chai.

Kuhusu dunia kuhama, nilimrekebisha shemeji papo hapo, maana mtu aliyefundisha Historia akisikia tarehe imekosewa meno humuuma. Breki ya dramu ya kisasa huhesabiwa kuwa ya Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902. Mwaka huohuo, Mwingereza Frederick Lanchester alichukua hataza ya breki ya diski. Hizi ni za rika moja. Tofauti ni kwamba pedi za Lanchester zilikuwa za shaba na zilipiga kelele hata watu wakaona bora dramu, na diski ikakaa kando miaka mingi, mpaka Jaguar walipoitumia kwenye mbio za Le Mans za mwaka 1953 wakashinda. Shemeji alisikiliza yote hayo kwa heshima, kisha akasema, "Sawa, kwa hiyo weka diski."

Na hoja zao, tuseme ukweli, hazikuwa za kipuuzi. Dramu imefunikwa. Ndani mna breki shuu mbili zilizopinda. Ukikanyaga, silinda ndogo inazisukuma zibane ukuta wa dramu kwa ndani. Shuu moja huvutwa na mzunguko wenyewe ikazidi kujikaza, kwa hiyo mguu wako unaanza kazi na gari linakusaidia kuimaliza. Raha tupu, mpaka utakapoishuka Mombo na mzigo. Joto likizidi, dramu inatanuka na kuikimbia shuu, na pedali inaifuata huko chini. Masika maji na tope huingia na kutoka hayatoki. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, maji yanarushwa nje tairi likizunguka. Haina ule ukarimu wa kujikaza, inataka nguvu zaidi kutoka kwako, lakini inapoa upesi.

Lilichosahau bunge ni kwamba gari likifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, na za mbele kwenye pikapu yangu ni diski tangu kiwandani. Nyuma ya pikapu tupu hakuna uzito wa kutisha mtu. Lakini bungeni, ukishapigiwa makofi, nani anarudi kwenye mahesabu?

Fundi alikuja, akalala chini ya gari, akatoka na hukumu: "Kazi ndogo hiyo, Mwalimu."

Basi nikateremka Dar es Salaam, Gerezani, ambako hata ukitafuta mkia wa ndege utaulizwa ni wa upande gani. Muuzaji alinikalisha kwenye kigoda, akaniagizia soda, akanitolea diski mbili za nyuma za Land Cruiser Prado na kalipa zake mbili, vile vibanio vinavyoshika diski. "Mzee wangu, hizi zimetoka Sharjah. Zimetembea kwenye lami tu, hazijui tope." Tukapima. Hilux na Prado zote zina stadi sita, na duara la stadi hizo ni milimita 139.7, kwa hiyo diski ya huyu inaingia kwa yule bila ugomvi. Kukubali huko kwa mara ya kwanza ndiko kulikotuponza, maana tulidhani na vingine vyote vitakuwa na adabu hiyo.

Fundi alizipenda sana diski. Alizigeuza, akaingiza vidole katikati, pale penye kina. "Hapa ndani pamekerezwa laini kabisa," alisema. "Sijui kwa nini." Spana boi wake akachungulia. "Urembo," akasema. "Wajapani wanapenda urembo." Tukakubaliana kwamba ni urembo.

Kutoa dramu za zamani kulichukua nguvu ambazo zingetosha kulima robo ya shamba. Kutu ilikuwa imeziunganisha na habu zikawa kitu kimoja. Fundi akapiga nyundo. Spana boi akapiga nyundo. Mimi nikapewa nyundo nikapiga, mke wangu akatoka jikoni kuangalia kama tunaitengeneza au tunaiadhibu. Ndipo mzee akaweka kikombe chini kwenye benchi. "Hayo matundu mawili," akauliza, "mnadhani ni ya nini?"

Kwenye uso wa dramu kulikuwa na matundu mawili madogo yenye meno ndani, yamejaa tope. Spana boi akayachokonoa kwa msumari. Mzee akamwambia alete bolti mbili za spana namba 12, aziingize, azikaze kidogo huku, kidogo kule. Dramu ikaanza kutoka yenyewe, taratibu, inalia kwa sauti nyembamba, mpaka ikadondoka miguuni kwa fundi. Mzee akachukua kikombe chake. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia mapema. "Hamkuniuliza," akajibu.

Ndani ya dramu kulikuwa na vumbi jeusi, na spana boi akavuta pumzi tayari kulipuliza. Hilo nililizuia mimi, kwa sauti ya darasani. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto si kitu cha kupuliza karibu na pua. Tukaosha kwa maji. Kisha akatia bisibisi kwenye springi ya shuu, springi ikaruka ikapita juu ya ua ikaingia kwenye maharage ya jirani, na hadi leo haijaonekana. Jirani aliniahidi kwamba akivuna ataangalia.

Hafu shafti nazo zina mambo yake. Bamba la nyuma linaloshika shuu limebanwa kati ya ekseli na beringi, na beringi imekandamizwa kwenye shafti kwa mashine. Kuitoa unahitaji mashine, na mashine iko mbali. Fundi akasema hakuna haja ya kusafiri, akaliondoa bamba kwa grinda, cheche zikiruka hadi kwenye kanga za mke wangu zilizoanikwa. Ukifungua shafti bila kubadili oili sili, mafuta ya difu hukufuata. Yalitufuata. Yakapaka ile diski mpya isiyojua tope, yakashuka mpaka chini. Sili zikanunuliwa, shafti zikarudishwa. Kishikilia kalipa kikachongwa na mchomeleaji wa Soni kutoka kwenye bamba nene la chuma, kizito na kibaya cha sura, na ndicho kitu pekee katika kazi nzima ambacho hakijawahi kunisumbua.

Halafu tukafika kwenye kutoa upepo.

Msomaji ambaye hajawahi kutoa upepo kwenye breki, ngoja nikueleze. Mmoja anakaa ndani anakanyaga. Mwingine yuko chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. Wa chini anasema "pampu," wa juu anapampu. Wa chini anasema "shika," wa juu anashikilia pedali chini. Wa chini anafungua, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, anasema "achia." Unarudia hadi mapovu yaishe. Ni kazi ya muda wa kuchemsha maharage machanga.

Siku ile maharage yangeungua. Nilikuwa juu mimi. "Pampu, Mwalimu. Shika. Achia. Pampu. Shika." Goti likaanza kulia. Chupa ya mafuta ya breki ikaisha, nyingine ikafunguliwa. Kidogo yakamwagika kwenye bodi, na rangi ikabanduka kabla sijamaliza kulalamika. Mapovu yalishakwisha kutoka, mafuta yanatoka safi, na pedali bado inazama vilevile kama haijaguswa. Fundi akasema masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imekufa. Spana boi akasema labda mafuta ni mabaya, na akanusa chupa kwa utaalamu. Wakaanza kujadili haidrovaki, ile inayousaidia mguu kukanyaga.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa anatoka shule. Akachutama kando ya tairi la kulia, begi mgongoni, akatazama. "Babu," akaniambia, "upepo si unapanda juu? Mbona huku kibomba cha kutolea wamekiweka chini?"

Kukawa kimya. Fundi akazunguka akaangalia kalipa ya kushoto: kibomba kiko juu. Akarudi akaangalia ya kulia: kibomba kiko chini. Kalipa zote mbili zilikuwa za upande wa kushoto. Hii ya kulia walipoona haikai walikuwa wameipindua ikakaa, na upepo wote ukajifungia kileleni, unatusikiliza tukihesabu pampu. Fundi akakohoa. "Nilitaka kuona kama mtagundua," akasema.

Nikampigia muuzaji. "Mzee wangu," akajibu, na kweli alionekana kushangaa, "hukusema unataka za pande mbili."

Kalipa ya kulia ikaja na basi, imefungwa kwenye mfuko wa sandarusi juu ya magunia ya mchele. Kibomba kikawa juu, upepo ukatoka, pedali ikapanda. Si sana, lakini ikapanda. Kalipa humeza mafuta mengi kuliko zile silinda ndogo za dramu, na masta silinda ya zamani inapima kijiko kilekile ilichozoea, kwa hiyo mguu unakwenda mbali kabla ya kukutana na kitu. Baadaye nilinunua masta yenye kipenyo kikubwa zaidi, na hapo pedali ikawa pedali. Lakini siku ile fundi alitangaza kazi imekwisha na akaniomba nikajaribu gari mimi mwenyewe. Yeye, alisema, ana mgonjwa.

Sasa kuna kitu kimoja chini ya Hilux za aina hii ambacho watu wengi wanakiona na hawakisalimii. Ni fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali iliyo kwenye chesisi. Pikapu ikibeba mzigo, mwili wake unashuka, fimbo inasukuma, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Ikiwa tupu, mwili unainuka na vali inapunguza, ili matairi ya nyuma yasifunge ovyo. Kifaa kidogo chenye busara kubwa. Fundi hakuona mahali pa kuifunga ile fimbo baada ya kukata na kuchomelea, kwa hiyo akaiinua juu akaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Kwa lugha ya vali, hiyo maana yake pikapu imebeba viazi vya kijiji kizima, saa zote.

Ilikuwa siku ya gulio Soni. Mvua ya rasharasha, lami inang'aa, pikapu tupu isipokuwa jiwe. Nikashuka na gia ya pili, kistaarabu. Karibu na soko mbuzi akavuka, nikakanyaga. Mbele ikashika vizuri. Nyuma ikashika vizuri zaidi. Matairi ya nyuma yakafunga, mkia ukaanza kunipita upande wa kulia, nikaona kwa kioo cha pembeni vitu ambavyo kwa kawaida viko mbele, na gari likageuka nusu duara, likasimama katikati ya barabara pua ikitazama kule nilikotoka. Mbuzi alikuwa amesimama vilevile, hakujali. Kimya cha soko kilikatwa na mama muuza ndizi: "Mwalimu, umesahau nini nyumbani?"

Nikamjibu kwamba nimesahau jambo, nikaondoka kuelekea huko huko. Ile fimbo ilitengenezewa mkono wake na mchomeleaji wiki hiyohiyo, ikapimwa gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, na mkia haujanipita tena. Lakini hadi leo nikipita Soni kuna watu wanaonyesha kwa kidole upande wa nyumbani kwangu.

Kwa hiyo breki zikawa nzuri. Nasema nzuri kwa haki. Kushuka Mombo na mzigo wa karoti, masika, pedali inakaa palepale juu toka Soni hadi barabara kuu. Mke wangu akarudi kwenye kiti chake. Shemeji akatumiwa picha, akajibu kwa vidole gumba vingi. Na ningeishia hapo kama si trafiki mmoja wa barabara kuu, kijana mwenye adabu sana, aliyenisimamisha, akaangalia bima, akaangalia taa, kisha akasema, "Mzee, vuta hendbreki."

Kwenye Hilux hizi hendbreki si ya kuinua kati ya viti. Ni mpini chini ya dashibodi, unauvuta kwako na kuuzungusha. Nikauvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja. Waya ukatoka nyuma yake, mrefu, mkavu, mpaka mpini ukafika kifuani kwangu na kiwiko changu kikagusa kiti. Nyuma kule waya haukuwa umeshikana na kitu chochote duniani. Trafiki aliutazama kwa muda. "Mzee wangu," akasema taratibu, "hii ni hendbreki au kamba ya mbuzi?" Hakuniandikia. Alinipa nafasi ya kurekebisha na akanisindikiza kwa macho wakati nikipakia jiwe.

Nikamfuata fundi. "Ahaa, hendbreki," akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbushwa jina la mjomba aliyehamia mbali. "Ile ilikuwa kwenye dramu." Ndiyo. Ile ilikuwa kwenye dramu. Tulipotoa dramu tulitoa vitu viwili na tukarudisha kimoja, na katika bunge lote lile, kuanzia shemeji hadi kijana wa bodaboda, hakuna aliyetaja hendbreki hata mara moja. Kwa nini wangetaja? Kila mmoja wao ana jiwe.

Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi. Nikaagiza chai mbili, nikakaa, nikauliza. Mzee alipoulizwa alikuwa na mengi.

Akaniambia kwanza nifungue diski moja nimletee. Akaingiza vidole katikati, palepale fundi alipoingiza, akapapasa ule ukuta uliokerezwa laini. "Hii ni dramu," akasema. Nikadhani chai imempanda. "Dramu ndogo, imefichwa ndani ya diski. Kwenye Prado mnakuwa na shuu mbili ndogo humu, hazihusiani na pedali, ni za hendbreki tu. Muuzaji aliwapa diski na kalipa. Shuu na bamba lake amebaki nazo." Nilikaa nikaitazama. Nilikuwa nimekimbia dramu kutoka Lushoto mpaka Gerezani, nikalipa fedha ya kiinua mgongo, na dramu ilikuwa imepanda basi pamoja nami, ndani ya diski, ikiitwa urembo.

Kisha akaniambia la pili, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alinitaka nilete ule uchafu wa zamani, bamba lililokatwa kwa grinda. Nyuma yake kulikuwa na kichuma kidogo chenye umbo la kiwiko, kinachovutwa na waya wa hendbreki. Mzee alijaribu kukizungusha kwa koleo. Hakikutikisika. Kutu tupu. "Kwenye pikapu hizi," akasema, "shuu za nyuma zinajirekebisha zenyewe unapovuta hendbreki. Shuu ikilika, unavuta hendbreki, kijino kinasogea, shuu inasogea karibu na dramu. Usipovuta, hazisogei. Zinazidi kulika, nafasi inazidi kuwa kubwa, na pedali inazidi kuzama. Aliyekuuzia alikuwa anatumia jiwe?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka mingapi?"

Nikamweleza lile jiwe lilivyolika upande mmoja. Mzee akatikisa kichwa, akanywa chai. Nikamuuliza kama shuu mpya, kulainisha vile vichuma na kuvuta hendbreki kila siku kungeponya zile dramu. Akasema kungeponya. Nikamuuliza ni kazi ya muda gani. Akasema mtu akianza baada ya chai ya saa nne, saa saba anakula ugali. Sikumuuliza kwa nini hakusema siku ile bunge lilipokaa, maana jibu nalijua.

Mabamba na shuu za ndani zilipatikana, za kulia na za kushoto. Nilizikagua mwenyewe pale kaunta na mjukuu wangu kwenye simu. Waya wa hendbreki ulibidi uunganishwe na mwingine. Sasa mpini ule unakuja kiasi cha kiganja na kugoma, na pikapu inasimama kwenye kilima cha mbele ya nyumba bila msaada wa mtu. Yule trafiki amenikagua tena. Aliuvuta mwenyewe.

Kama ungependa kujua hukumu yangu, ni hii: diski za nyuma ni nzuri, zinakauka upesi baada ya maji, na pedi zake unabadili kabla uji haujapoa. Bado nashuka Mombo na gia ya pili, kwa sababu pedi ziwe za diski au shuu ziwe za dramu, joto ni lilelile, na mafuta ya breki yakishanyonya unyevu wa miaka huchemka mapema kuliko yakiwa mapya. Ya DOT 4 huchemka nyuzi 230 yakiwa mapya, na kushuka hadi 155 yakishalowa. Kuyabadilisha ni rahisi kuliko yote niliyoeleza humu. Hilux nyingi zilizotoka kiwandani miaka ya karibuni bado zina dramu nyuma, na wale watu wa kiwandani hawakuwa na shemeji wa kuwashauri.

Kwa hiyo wewe mwenye pikapu ya umri huo, ambayo pedali yake inazama na unasikia wenzako wanataja diski: kabla hujampigia mtu wa Gerezani, liwekee gari lako jiwe, ingia chini na mafuta ya kulainisha kutu, tafuta kile kiwiko nyuma ya tairi, kiloweshe, kizungushe mpaka kikubali, fungua uangalie shuu, kisha uvute hendbreki hadi uchoke. Pedali ikipanda, fedha uliyoitenga nunua matairi. Na ukiona springi ya shuu ndani ya maharage, ni yangu.